Mashudu ya Watachoka

Baba mkwe wangu, mzee Salvatory Mhoja, ana sifa moja hapa Zagayu ambayo hata wasiompenda hawaipingi: anajua maziwa. Simaanishi kuyanywa, maana hilo hata paka anajua. Namaanisha kuyatoa yalikojificha. Ng'ombe wa Mahona, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliwahi kufiwa na ndama, akagoma kabisa kukamuliwa, anapiga teke kila anayemkaribia. Mzee akamchuna yule ndama mfu, ngozi akamvalisha ndama mwingine yatima, akamsogeza taratibu huku anaimba kwa sauti ya chini. Ng'ombe akanusa, akalamba, akaachia. Mahona alisimama kando kofia mkononi kana kwamba yuko kwenye misa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mzee wetu alisifiwa mno.

Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye hasira za karibu. Akipandisha sauti kuku wanatawanyika. Lakini hasira zake hazikai, na samahani hajui kuitamka. Samahani yake huja kwa mlango wa nyuma. Ukiamka ukakuta kuni zimepasuliwa na kupangwa vizuri karibu na jiko, ujue kuna mtu kaomba radhi. Mimi nimepika kwa kuni hizo mara nyingi.

Naitwa Martha, mke wa Januarius, mwanawe wa mwisho. Mume wangu yuko Mwanza kwenye kazi za ujenzi, huja akipata nafasi. Kwa hiyo mengi ya nyumba hii tumeyapitia mimi na mzee, watu wawili ambao kwa desturi hatuzoeani. Kwa Wasukuma wa upande wetu, mkamwana na baba mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Hata kupokezana kitu mkono kwa mkono ni mwiko. Ukimletea maji unayaweka chini, unasogea, yeye anayaokota. Akija kukaa uani, mimi nainuka naondoka. Mtu wa mbali akituona atadhani tumegombana. Kumbe hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliyelelewa Bukundi kule Meatu nilikuja nayo kutoka kwetu, sikufundishwa hapa.

Maneno yetu yalibebwa na mama mkwe, mama Apolonia. Mzee atasema, "Mwambie huyo mayu chumvi imezidi," na huyo mayu, yaani "mama" kwa Kisukuma, ndiye mimi, nipo nyuma ya mlango nasikia kila kitu. Mama anageuka: "Umesikia? Chumvi imezidi." Nami najibu, "Mwambie baba leo nilipitiwa." "Anasema alipitiwa." Kisha mama anacheka peke yake mpaka anajifuta machozi kwa khanga, maana sisi wawili tumekaza nyuso kama mahakimu.

Mbwa wa nyumba hii alikuwa wa mama. Hapa kwetu mbwa hupewa jina la kuwasema majirani, na majirani walikuwa wakisema kwamba Januarius atazeeka bila mke. Mama akaleta mbwa jike mdogo wa rangi ya udongo, akamwita Watachoka, na kila jioni alikuwa akimwita kwa sauti kubwa ameelekea barabarani. Siku niliyoletwa hapa kama bibi harusi, kabla hata sijapewa maji, aliniinamia sikioni akasema, "Umewaona? Wamechoka." Nilimpenda tangu hapo.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna karanga, mama aliugua kifua. Tukampeleka mjini Bariadi, akafia huko. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, nyumba ikanyamaza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba akifa yeye, sisi tutakuwa mabubu. Mzee anakohoa, mimi nakohoa, siku imekwisha. Chakula naweka chini, anakula, sahani anaiacha palepale. Ameshiba? Hakushiba? Sijui, na wa kumuuliza yuko kaburini.

Asubuhi moja mzee alisimama uani, macho kwenye zizi, akasema, "Watachoka, maharage ya jana yaliungua."

Mimi nilikuwa napepeta mchele. Kisha, macho kwenye ungo, nikasema, "Watachoka, anayekuja kula jua likizama asiyalaumu maharage."

Mbwa alitutazama kwa zamu, akapiga miayo. Mzee aligeuza uso upesi, lakini niliyaona mabega yakitikisika. Toka siku hiyo tukawa tunaongea kupitia mbwa. Usicheke. Ungekuwa wewe umekaa na mtu mzima mwezi mzima bila neno, ungeongea hata kupitia kinu.

Mwaka huu Watachoka akazaa. Alijichagulia mahali ndani ya jiko, nyuma ya magunia makuukuu ya pamba, na asubuhi tukakuta watoto sita wamejipanga tumboni kwake. Mimi nami nilikuwa nimejifungua si muda mrefu, mwanangu Sylvester hajaanza hata kukaa. Shangazi Elizabeth, dada yake mzee, alipokuja kuona mtoto akasema, "Nyumba moja, wanyonyeshaji wawili!" Wanawake aliokuja nao walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuolewa ili nipangwe mstari mmoja na mbwa.

Mzee alikuja mlangoni pa jiko, mahali ambapo kwa kawaida hasogei, akawaangalia wale watoto kwa muda mrefu. "Watachoka," akasema, "Apolonia angekuwepo angefurahi." Tangu tulipomzika hakuwa amelitaja jina hilo. Niliinamisha uso kwenye sufuria nikalia kimyakimya.

Mwanzoni nilimlisha mimi. Uji wa mtama na maziwa kidogo, ugali laini uliorowekwa kwenye mchuzi wa dagaa. Mbwa anayenyonyesha ana njaa ambayo sikuwa nimeijua. Alikuwa analamba bakuli mpaka linatembea uani, halafu ananitazama. Watoto walipofumbua macho mambo yakawa mabaya zaidi. Walikuwa wanene, wana nguvu, wanamvuta mama yao huku na huku, na yeye mbavu zinahesabika. Nasi wenyewe hatukuwa na cha kutupa. Mvua ilikatika mapema, mahindi yalikaukia kwenye mbelewele, tulikuwa tunakula ugali kwa mlenda, na siku nyingine michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, tunavichemsha na kushukuru. Watoto wa mbwa wakaanza kulia mchana. Mimi najua kilio hicho. Kifua changu chenyewe kilikuwa kinachuruzika nikikisikia.

Nikasema, mzee akiwa anasikia, "Watachoka, mwenye watoto sita hashibi makombo."

Jioni ile nilimwona mzee amesimama mbele ya gunia la mashudu anafikiri.

Mashudu ni yale mabaki ya mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta. Kwetu Simiyu pamba ndiyo iliyotujengea na kutusomesha, na mashudu yake ndiyo yanayovusha ng'ombe kiangazi. Ukimpa ng'ombe anayenyonyesha, maziwa yanapanda, hilo halina ubishi. Kwa mzee Salvatory jambo lilikuwa wazi: mama amezaa, maziwa hayatoshi, dawa yake inajulikana. Nani katika nchi hii ya pamba angefikiri vinginevyo?

Akayatwanga mwenyewe kwenye kinu, akayachekecha, akayapika na boga. Mzee wa Kisukuma ambaye maishani mwake hakuwahi kufunua sufuria amepiga magoti anapuliza moto, moshi unamtoa machozi, koo linamkereketa. Nilitaka kumsaidia, lakini kumsogelea ningevunja mwiko, nikabaki mlangoni nikielekeza: "Watachoka, mwambie baba apunguze kuni." Alipomaliza akamimina juu maziwa mabichi, akaweka bakuli mbele ya mbwa. "Kula, mama. Hii ndiyo siri ya zizi." Watachoka akanusa, akarudi nyuma. Mzee akaongeza maziwa. Akala.

Nasema wazi kwamba nilimpenda mzee yule siku ile. Mama alipougua, mzee hakuwa na la kufanya ila kukaa nje ya wodi na kofia yake. Hapa aliona kuna la kufanya, na alilifanya kwa moyo wote.

Kwa muda mbwa alionekana kushiba. Tumbo likajaa. Mzee akatembea kifua mbele, akamsimulia Mahona, na Mahona asiyejua kunyamaza akawasimulia wengine. "Mwenzetu sasa anakamua hata mbwa!" akawa anatania akipita. Mzee alikuwa anajifanya amekasirika, lakini alifurahi.

Kisha Watachoka akaanza kujitenga. Watoto wakimfuata anainuka na kwenda kulala mbali. Akitembea kutoka jikoni hadi penye maji, anasimama njiani, ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka haraka haraka kana kwamba amekimbizwa. Mgongo ulizidi kukonda huku tumbo likizidi kuvimba, na si kwa shibe. Bakuli likawa linabaki nusu. Mzee akaona dawa ni chache, akaongeza: asubuhi mashudu, mchana mashudu, jioni mashudu. Mahona akasema ni jicho la watu, aende akatafutiwe hirizi. Mzee akajibu kwamba yeye ni Mkatoliki. Kesho yake nikaona uzi mweusi shingoni mwa mbwa. Sikuuliza.

Kilichonisumbua mimi ni kule kuhema. Nilikuwa nimewahi kukuona mahali. Nilikuwa nakamua nguo za mtoto ndipo ikanijia: nguruwe wa kaka yangu Paschal, kule Bukundi. Walihema hivyohivyo, wakavimba, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nikampigia simu hapohapo, mikono ina povu.

"Mnampa nini?" akaniuliza.

"Mashudu."

"Ya pamba?"

"Sasa huku kwetu kuna mashudu ya nini tena?"

Akasema, "Martha, hayo ndiyo yaliyowaua nguruwe wangu. Bwana mifugo alinieleza baadaye, nimeshazika. Ndani ya mbegu ya pamba mna sumu. Ng'ombe mkubwa ana matumbo ya kuivunja, haimdhuru akipewa kwa kiasi. Nguruwe hana, mbwa hana, hata ndama mchanga hana. Inakaa mwilini, inaingia kwenye moyo."

"Dawa yake?"

"Kuacha. Na muache leo, msingoje kesho."

Jua lilikuwa bado lipo. Mzee amekaa kwenye kigoda anatwanga mgawo wa jioni, mbwa amelala karibu na mguu wake. Nilisimama penye kizingiti cha jiko. "Watachoka," nikasema, "kaka yangu anasema mashudu ya pamba yanaua wanyama wa tumbo moja."

Mchi ukasimama hewani. "Watachoka, mwambie huyo mayu mimi nimekamua tangu baba yake hajaoa."

"Watachoka, nguruwe wa Bukundi walikufa wakihema hivyohivyo."

"Wewe si nguruwe!" akamfokea mbwa, na maskini ya Mungu akajikokota akaingia chini ya mkokoteni. "Na asiyelijua zizi asinifundishe maziwa!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Yale mashudu ya jioni niliyamwaga nyuma ya nyumba alipokwenda kufunga ng'ombe. Akarudi, akaona bakuli tupu, akafurahi kwamba mbwa amekula, akapika mengine. Ndivyo ujanja wangu ulivyozaa balaa. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini hapa sikio lilikuwa la mmoja na kufa kulikuwa kwa mwingine.

Nilipotulia nilimwelewa, na kumwelewa kukaniumiza zaidi. Kukubali maneno yangu ilikuwa kukubali kwamba kile kitu cha mwisho alichoachiwa na mkewe anakiua yeye, tena kwa ujuzi uleule anaosifiwa nao. Nani anameza hilo kwa mdomo wa mkamwana, tena kwa kupitia mbwa?

Asubuhi iliyofuata kuni hazikupasuliwa.

Mchana nilikuwa nafua, mtoto amelala ndani, nikasikia watoto wa mbwa wanalia kwa namna nyingine. Nikainua macho. Watachoka ameanguka mbele ya mlango wa jiko, miguu imeshindwa kumbeba, na wale sita wamemparamia wanavuta chuchu zisizo na kitu. Mzee yuko magotini. Kichwa cha mbwa amekilaza pajani, mkono mmoja unafungua taya, mwingine umeshika ile chupa anayonyweshea ndama wagonjwa. Imejaa uji wa mashudu.

"Kunywa, mama," anasema, na sauti yake imekatika. "Kunywa upate nguvu. Kunywa."

"Watachoka," nikaanza. Nikaishia hapo. Ningemwambia nini mbwa yule? Hakuweza hata kusimamisha masikio. Katika nyumba ile hakuwa amebaki tena wa kunibebea maneno.

"Baba," nikasema. "Acha. Unamuua."

Hakugeuka. Nadhani hakuamini kwamba ni yeye aliyeitwa. Akaipeleka chupa mdomoni mwa mbwa. Nami nikaenda, nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili yenye sabuni, nikamnyang'anya chupa na kuitupa. Ilidunda uani, uji ukamwagika, na kuku mmoja akaukimbilia, nikamfukuza kwa kelele. Mahona alikuwa anapita barabarani na baiskeli yake. Alisimama, mguu mmoja chini.

Mzee akanitazama. Miaka yote niliyokaa pale hakuwahi kunitazama usoni, wala mimi yeye. Macho yake yalikuwa na duara la kijivu pembeni, yale ya uzee, na yalikuwa yamejaa maji.

"Namuua?" akauliza. Hakuwa na hasira hata chembe. "Mimi?"

"Ni mashudu, baba. Si wewe."

"Ni mkono wangu," akasema. Akakaa chini kwenye vumbi, kichwa cha mbwa bado pajani, akalia. Mimi nilifundishwa namna ya kumpa baba mkwe maji, namna ya kumpisha njia, namna ya kuinamisha uso akipita. Hakuna aliyenifundisha la kufanya akilia. Nikabaki nimesimama hapohapo, nami nalia, mikono inachuruzika sabuni.

Hatimaye akajifuta kwa kiganja. "Sasa tumpe nini?" akasema. Aliniuliza mimi, usoni.

Nikamwambia alichonieleza Paschal, na nilichojua mwenyewe kwa kuwa nanyonyesha. Kwanza maji, yakae karibu na mdomo wake asiyafuate. Halafu uji mwepesi wenye yai, dagaa waliosagwa, supu ya mifupa ikipatikana, bila kitunguu, kidogo kidogo na mara nyingi. Na watoto watolewe kwake. Macho yameshafumbuka, meno yanachomoza, wanaweza kulamba. Wapewe maziwa ya moto kidogo yenye kiini cha yai, wamwache mama yao apumue.

"Maziwa ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe wako, baba."

Akainuka. Saa ile haikuwa saa ya kukamua, ng'ombe walikuwa wamerudishwa kunywa maji na wenyewe walishangaa, lakini kwake walitoa. Akarudi na kibuyu, akamimina kwenye sinia, akachovya kidole na kumlambisha mtoto wa kwanza, akakishusha kidole polepole mpaka pua ya mtoto ikagusa maziwa. Mtoto akapiga chafya, akalamba. Akaenda kwa wa pili. Ndivyo ndama wanavyofundishwa kunywa kwenye ndoo. Mzee alikuwa amerudi kwenye kazi anayoijua.

Bwana mifugo wa kata alifika kesho yake kwa pikipiki, akamsikiliza mbwa kifuani, akatikisa kichwa. Sumu ile haina dawa, akasema. Ni kuiacha na kungoja, moyo ukipona utapona. Tukangoja. Mtoto mmoja, yule mdogo kuliko wote, hakuweza kulamba kwenye sinia. Akafa, mzee akamzika mwenyewe na hakutaka msaada. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa anatangulia jikoni, na mimi ndani nimejibana kitandani nasikiliza atasema nini. Akisema, "Umeamkaje, mama?" najua bado yu hai, navuta pumzi, naamka.

Siku moja Watachoka akasimama, akaenda kwenye maji, akanywa, akarudi kulala. Siku nyingine akala yai na ganda lake. Halafu akambwekea Mahona, na Mahona, maana si mtu mbaya, akasema hajawahi kufurahi kubwekewa namna ile. Maziwa hayakurudi ila kidogo. Watoto watano walikulia kwenye sinia, wakawa wanamfuata mzee zizini wakiamini mama yao ana pembe.

Ningependa mambo yaishie hapo, lakini nimeshasema Mahona hajui kunyamaza. Habari za mkono zilifika mpaka Bariadi. Shangazi Elizabeth anaishi Somanda, hukohuko mjini, ana duka na simu kubwa, ila mila za ukoo anazilinda kuliko sisi tuliobaki kijijini. Alikuja na bodaboda siku ya Jumapili baada ya ibada, akaketi uani. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia kwa ubaridi. Mahona akaitwa awe shahidi.

"Mkamwana amemwita mkwewe usoni," shangazi akasema. "Amemshika mkono. Amempokonya kitu. Hayo yote kwa siku moja! Mbuzi wa kusafisha mwiko uliovunjwa atoke kwao Bukundi, na mpaka aletwe, asimpikie kaka yangu chakula."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa jiko na mtoto wangu, nasikia. Kwetu mwaka huu hawakuwa na mbuzi wa kutoa. Waliokuwepo waliuzwa kununua mahindi. Na zaidi ya mbuzi, niliiona aibu ya baba yangu akiambiwa kwamba binti yake hana adabu. Sikujutia nilichofanya, hata sasa sijutii.

Watoto wa mbwa walikuwa wanauma pindo la suruali ya mzee. Akainuka, akaenda zizini, akarudi anamvuta beberu wake mwenyewe, yule mkubwa mwenye ndevu.

"Mbuzi huyu hapa," akasema.

"Si wewe wa kutoa, kaka. Anatoa aliyekosa."

"Ndiyo maana nimemleta." Akamkabidhi Mahona kamba. "Elizabeth, mkono alioushika ulikuwa unamnywesha mbwa wa Apolonia sumu. Niliipika mimi. Huyu mayu aliniambia mapema, nikampigia kelele. Mimi Salvatory, ninayejua maziwa, sikujua. Nawe Mahona sikia vizuri, ukawaambie na wengine, maana najua utawaambia."

Mahona akaangalia viatu vyake.

Beberu akachinjwa. Shangazi, ambaye hakuzoea kushindwa, alisimamia mgawo: fungu la kwanza la mwenye boma, kama inavyotakiwa, kisha wageni, kisha wengine kwa mpangilio wao. Supu ilipoiva mzee akamwondolea shangazi kata mkononi.

"Bakuli la kwanza la mama Sylvester," akasema. "Ananyonyesha, na tangu Apolonia afe hakuna aliyemwuliza kama ameshiba. La pili lipoe, la mbwa. Sisi tutakula baadaye."

"Baada ya mbwa?" shangazi akauliza.

"Baada ya mbwa."

Shangazi akanitazama aone kama nitacheka. Sikuthubutu. Nililichukua bakuli, nikashika njia kwenda jikoni kunywea huko, kama ilivyo desturi.

"Kaa," mzee akasema.

Hakumwambia mbwa, wala hakumwambia shangazi aniambie. Nikakaa palepale uani, mtoto mapajani, nikanywa supu mbele ya baba mkwe wangu mpaka jasho likanitoka, na hakuna aliyeinuka.